Istilahi za Upangaji Njia katika Mitandao ya Kompyuta

Ofisi nyingi za umma hutumia chombo ambacho mafundi hukiita ruta. Katika tafsiri za Kiswahili chombo hicho kimepewa majina mawili yanayoshindana: kisambaza data na kipanganjia. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya chombo chenyewe, ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa umma waweze kupima ni jina lipi linalostahili.

1. Anwani

Neno anwani halina taabu. Wakazi wa Ruhuwiko, kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, walilizoea zaidi, kama Watanzania wengine, mwaka 2022 wakati wa operesheni ya anwani za makazi. Postikodi hutambulisha kata. Jina la barabara na namba hutambulisha nyumba. Anwani ya kompyuta nayo ina sehemu mbili. Katika toleo la nne la mfumo wa intaneti huwa na biti 32, nazo huandikwa kwa namba nne, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.10.5. Sehemu ya mwanzo hutaja mtandao, ya mwisho hutaja kompyuta.

Mpaka baina ya sehemu hizo huonyeshwa na namba ya pili, kwa mfano 255.255.255.0. Wapo wanaotaka kuiita barakoa kwa kufuata neno la kigeni. Lakini barakoa huficha uso, ilhali namba hii hudhihirisha mpaka. Twapendekeza kigawaanwani.

2. Njia

Mzigo utokao Songea kwenda Dar es Salaam kwa barabara waweza kupitia Njombe na Iringa, ama Tunduru, Masasi na Lindi. Kwenye njia panda lazima mmoja aamue. Katika mtandao, mwamuzi huyo ni chombo tunachokizungumzia. Kila pakiti ya data inapofika, chombo husoma anwani iendako, hulinganisha na jedwali la njia, kisha huipeleka kituo kifuatacho. Mistari miwili ya jedwali ikioana na anwani, hufuatwa ule unaotaja mtandao kwa ufinyu zaidi. Usipokuwapo wowote, hutumika njia chaguomsingi; hiyo nayo ikikosekana, pakiti hutupwa.

Hapo ndipo jina kisambaza data linapopotosha. Kusambaza ni kueneza huku na huku. Lingefaa chombo kinachorudufu ishara moja na kuipeleka katika matundu yote. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ruta husambaza, atahangaika kukagua nyaya, kumbe kosa limo katika jedwali.

3. Kiungo

Mafundi wa simu husema saketi, na baadhi ya wafasiri huandika mzunguko. Katika umeme neno mzunguko ni sahihi, maana mkondo hurudi ulikoanzia. Katika mawasiliano, hata hivyo, linalokusudiwa ni uhusiano wa ncha mbili. Kwa hiyo kiungo ni bora. Kila ncha hupewa anwani yake. Kwa desturi hutengwa mtandao wa anwani nne, wenye kigawaanwani 255.255.255.252: moja ni ya kuutaja mtandao, moja ya kutangazia wote, na mbili zilizobaki ni za ncha. Ncha zikipewa anwani za mitandao tofauti, kwa kawaida hazitawasiliana, hata waya ukiwa mzima.

4. Hitimisho

Kipanganjia lina kasoro yake: kupanga si kuchagua hasa, na kichaguanjia lingekuwa sahihi zaidi. Hata hivyo limekwisha kutumika, limeundwa kwa kanuni ileile iliyotupa kipimajoto, nalo huzaa istilahi nyingine bila shida: kupanga njia, upangaji njia, vipanganjia. Istilahi njema haitoshi kutamkika tu. Yapasa imwelekeze msomaji kwenye kazi ya kitu. Kwa kipimo hicho, kipanganjia ndilo linalostahili kuingizwa katika vitabu vya shule na nyaraka za ofisi.