Mkwea miraa ajifunza kuanguka barafuni

"MWANANGU, kwani miti ya miraa ya baba yako haikutosha kukuangusha?"

Hayo yalikuwa maneno ya mama mmoja wa Mikinduri, Tigania, mwaka 2016, kitindamimba wake alipomwambia kwamba anakwenda Kirimaara, yaani Mlima Kenya, kufanya mazoezi juu ya barafu. Mama alitua kikapu, akashika tama.

Kijana alikuwa na sababu zake. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, mapato ya nyumbani yalipungua, naye akateremka Chogoria kutafuta kazi ya upagazi. Alibeba mizigo ya wageni hadi mgongo ukamuuma. Akaona heri awe mwelekezi. Lakini mwelekezi asiyejua barafu atamwokoaje mgeni anayeteleza?

Basi siku ya mazoezi walitoka kibandani saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijalainisha barafu ya Lewis, iliyo chini ya kilele cha Lenana chenye urefu wa mita 4,985. Baridi ilikuwa ya kukausha midomo. Mwanafunzi mmoja aliumwa na kichwa na kutapika, akateremshwa mara moja. Mlimani hakuna dawa inayoshinda kushuka.

Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Naam, msomaji, kuanguka! Mtu hujiachilia makusudi kwenye mteremko mdogo usio na mawe wala nyufa chini yake. Papo hapo ajigeuze kifudifudi, adidimize ncha ya shoka barafuni karibu na bega, kisha alilalie kwa uzito wa kifua. Miguu aiinue, kwa maana viatu vimefungwa meno ya chuma. Meno hayo yakinasa mtu akiporomoka, mguu huvunjika au mwenyewe akapinduka kichwa chini.

Mara ya kwanza kijana wetu aliliachilia shoka. Kamba ndiyo iliyomzuia.

"Kijana," mwalimu alimwambia, "hilo shoka ndilo tawi lako. Ukiachilia tawi mtini, huenda wapi?"

Hakuliachilia tena.

Vifaa hivyo si lazima vitoke dukani. Mwaka 1943 mfungwa wa vita Mwitaliano, Felice Benuzzi, na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki wakiwa na meno ya viatu waliyojitengenezea kwa vyuma vikuukuu. Wawili kati yao walifika Lenana, kisha wote wakarudi kambini wenyewe! Nao Wakenya hawakubaki nyuma. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge, pamoja na Phil Snyder, alikuwa wa kwanza kupanda mfereji wa barafu uitwao Diamond Couloir.

Jambo la kusikitisha ni kwamba darasa lenyewe linayeyuka. Tangu 1934 hadi 2010 barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mwalimu aliwaonyesha wanafunzi mahali alipofundishwa yeye: mawe matupu.

Hata hivyo, maji yangali yakiganda usiku kwenye njia za Lenana, na wageni wangali wakiteleza. Kijana huyo sasa huwaongoza. Mama yake aliridhia kwa sharti moja tu, kwamba akifika Chogoria apige simu kabla ya kuvua viatu. Huipiga hata ikiwa ni saa sita za usiku, na simu hupokelewa kabla haijalia mara ya pili.