Vumbi la Ovaroli

Ndugu zangu, mjomba wangu alikuwa mtu wa melini. Aliondoka Unguja mwaka 1958, akafanya kazi katika vyumba vya injini, kisha akatua bandari moja ya kusini ya Uingereza akawa fundi wa kutengeneza meli. Mabomba ya mvuke yalifungwa kwa asbestosi, jiwe lenye nyuzi lisiloungua. Akisimulia alikuwa akicheka: vumbi likimwagika kama unga wa muhogo, nao vijana wakitupiana madonge yake.

Hawakuambiwa kitu, na waliojua walikuwapo. Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbestosi huko Rochdale, alikufa 1924, na Dakta William Cooke akaona mapafu yake yamejaa makovu ya vumbi hilo. Sheria ya kupunguza vumbi viwandani ilitoka 1931. Lakini asbestosi ya buluu na ya kahawia hazikupigwa marufuku nchini humo hadi 1985, na nyeupe 1999!

Uzi wake ni mwembamba, jicho haliuoni. Ukivutwa huzama pafuni, na mtu hukaa salama miaka 30, 40, hata zaidi. Mjomba alipoanza kuhema ngazini tukasema ni uzee. Maji yalipojaa upande mmoja wa kifua ndipo daktari alipouliza: “Ulifanya kazi gani, wapi, miaka gani?” Ilikuwa mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu. Mimi niliyesomesha historia miaka mingi sikuwa na tarehe hata moja ya kumsaidia kujibu.

Alifariki 2009. Tulitaka kumzika siku ile ile, kumbe kifo cha maradhi ya kazi lazima kwanza kipelekwe kwa mchunguzi wa vifo wa serikali. Tukangoja siku nne, wanawake wakilia na sisi hatujui la kuwaambia. Wenye wagonjwa waulize mapema, karatasi za hospitali ziwe tayari.

Tena si wanaume tu. Mkaza mjomba alikuwa akizikung’uta ovaroli zile uani kila wiki kabla ya kuzifua. Wako wake waliougua kwa kufua tu, na sheria ya Uingereza ya 2008 inawapa malipo wenye mesotelioma wa namna hiyo, mradi waombe ndani ya miezi 12 tangu ugonjwa kujulikana.

Yeye ni mzima, alhamdulillahi, na daktari wake amekwisha ambiwa. Jumapili hukaa naye na daftari: meli gani, gati gani, nani alifanya kazi na mjomba. Tumefika kurasa tatu. Jina la meli ya pili bado hajalikumbuka.