Kaswende: Kidonda hupona, ugonjwa hubaki

Yako maradhi ambayo familia zetu huyazungumza waziwazi, kama kisukari na shinikizo la damu, na yako mengine ambayo hutajwa kwa kunong'ona. Kaswende imo katika kundi hili la pili. Aliyepatwa nayo huona ni afadhali ajiuguze kwa siri kuliko kuonekana akiingia zahanati. Hupita duka la dawa baada ya magharibi, akanunua vidonge bila ya kupimwa, akavimeza bila ya kumwambia mkewe. Baada ya wiki chache kidonda hufunga, naye humshukuru Mola kwamba amesitirika. Mwaka unaofuata mkewe hujifungua mtoto mfu, wala nyumbani hakuna anayelihusisha jambo hili na lile.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2016 pekee watoto 661,000 duniani waliambukizwa kaswende wakiwa tumboni, na kwamba zaidi ya 200,000 kati yao ama walifia tumboni au walifariki siku chache baada ya kuzaliwa. Msiba huu unatokea ilhali dawa ya kuuzuia ipo, ni ya bei nafuu, na haijashindwa. Zilizoshindwa ni dawa nyingine, zile zinazopendwa kwa kuwa zinamezeka kwa siri.

Ugonjwa unaojificha

Kaswende husababishwa na bakteria aitwaye Treponema pallidum, ambaye Schaudinn na Hoffmann walimtambua mjini Berlin mwaka 1905. Dalili ya kwanza ni kidonda kisichouma, ambacho kwa kawaida huonekana wiki 3 hivi baada ya maambukizi. Kwa mwanamke kidonda hicho huweza kuwa ndani, asikione kabisa. Kisha, baada ya wiki 3 hadi 6, hupona chenyewe, hata kama mgonjwa hakutumia dawa yoyote.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Aliyekunywa mizizi husema mizizi imemponya, na aliyemeza vidonge husema vidonge vimemponya. Baadaye huweza kutokea vipele, hata viganjani na kwenye nyayo, navyo pia hutoweka. Kisha ugonjwa hukaa kimya kwa miaka, bila ya dalili yoyote, huku bakteria wakiendelea kuishi mwilini. Kwa baadhi ya watu, mwisho wake ni kuharibika kwa moyo, mishipa mikubwa ya damu, macho au ubongo. Kwa hiyo kufunga kwa kidonda si ushahidi wa kupona. Ushahidi hutolewa na kipimo cha damu.

Sindano iliyodumu

Mwaka 1943, daktari John Mahoney na wenzake wa Staten Island, New York, walitumia penisilini kwa wagonjwa 4 wa kaswende na kuona inatibu. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 80. Bakteria wa magonjwa mengi, kikiwamo kisonono, wamejifunza kuishinda penisilini, lakini bakteria wa kaswende hajathibitika kuishinda. Hadi leo ndiyo dawa ya kwanza ya ugonjwa huu.

Inayotumika ni penisilini ya benzathini, nayo hudungwa kwenye msuli wa tako. Sababu ya kuwa sindano ni kwamba bakteria huyu huongezeka polepole mno. Wapo bakteria wanaogawanyika kila baada ya dakika 20, lakini huyu huchukua saa 30 au zaidi. Penisilini humpata anapojenga ukuta wa mwili wake ili agawanyike, hivyo dawa inatakiwa ikae katika damu kwa siku nyingi mfululizo. Sindano hii huacha akiba ndani ya msuli, ikawa inachuruzika kidogo kidogo. Kwa ugonjwa wa hatua za mwanzo hutosha dozi moja ya yuniti milioni 2.4. Kwa ugonjwa uliokaa muda mrefu, au usiojulikana ulianza lini, hutolewa dozi 3, moja kila wiki. Anayekatiza baada ya dozi ya kwanza kwa kuwa sindano inauma hajamaliza tiba.

Ni kweli kwamba sindano hii huadimika mara kwa mara. Kati ya mwaka 2014 na 2016 nchi nyingi zilikumbwa na upungufu wake. Ghala linapokuwa tupu, mgonjwa na mhudumu wote hushawishika kugeukia vidonge.

Mbeya na San Francisco

Kidonge kilichotazamiwa kuchukua nafasi ya sindano ni azithromaisini. Nchini Tanzania, watafiti walikijaribu huko Mbeya kwa watu 328 waliokuwa na kaswende. Baadhi walipewa gramu 2 za azithromaisini kwa mara moja, wengine sindano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa waliopona kwa kidonge walikuwa asilimia 97.7, na kwa sindano asilimia 95. Tofauti hiyo ni ndogo, na ilionekana kana kwamba sindano imepata mrithi.

Lakini katika mji wa San Francisco, Marekani, habari zilikuwa nyingine. Mwaka 2002 na 2003 wagonjwa 8 walioripotiwa huko walimeza dawa hiyo hiyo na ugonjwa wao haukupona. Walipochunguzwa bakteria, walikutwa na badiliko moja dogo katika vinasaba vyao, kiasi cha herufi moja tu, ambalo huifanya dawa ikose pa kushika. Mwaka 2000 bakteria wenye badiliko hilo hawakuonekana katika sampuli za mji huo. Kufikia mwaka 2004 walikuwa asilimia 56. Baadaye usugu huo ulionekana katika nchi nyingi za Ulaya na nchini China.

Kwa nini dawa moja iponye Mbeya na ishindwe San Francisco? Jawabu limo katika matumizi. Penye watu wengi wanaomeza azithromaisini kwa kikohozi, kwa mafua na kwa kila homa, bakteria wa kaswende waliojificha mwilini hukutana nayo mara kwa mara. Wale dhaifu hufa, na wale wenye badiliko hubaki na kuambukiza wengine. Zaidi ya hayo, badiliko hilo hilo huiondolea nguvu erithromaisini, kwa kuwa dawa hizi mbili ni ndugu. Matokeo ya Mbeya yalikuwa ya kweli kwa wakati wake na mahali pake, lakini si dhamana kwa anayenunua kidonge hicho dukani leo.

Mama mjamzito

Kwa mama mjamzito jambo hili ni zito zaidi. Hata kama bakteria si sugu, erithromaisini na azithromaisini hazivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha kutegemewa. Mama huweza kuonekana amepona huku mtoto aliye tumboni akiendelea kuugua. Doksisaiklini nayo, ambayo hupewa watu wengine wenye mzio wa penisilini, haimfai mjamzito kwa sababu inaweza kudhuru meno na mifupa ya mtoto. Mjamzito mwenye mzio huo hupelekwa hospitali, ambako mwili wake huzoeshwa penisilini kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha uzito wa jambo hili. Miongoni mwa wajawazito waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, mmoja katika kila wanne alijifungua mtoto mfu. Waliopimwa na kudungwa dozi moja tu ya penisilini walijifungua salama sawa na wanawake wasio na ugonjwa. Kwa ajili hiyo mama hutakiwa apimwe katika ziara ya kwanza kabisa kliniki, na akikutwa na ugonjwa atibiwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya kujifungua.

Inapodhaniwa dawa imeshindwa

Mara nyingine mtu hutibiwa kwa sindano, kisha akalalamika kuwa haikufaa kitu. Sababu zinazojulikana ni tatu.

Ya kwanza ni kuambukizwa upya. Kupona kaswende hakumpi mtu kinga. Mume akitibiwa peke yake, mke akaachwa, ugonjwa humrudia. Na mwenye wake wawili au watatu hana budi kuwapeleka wote, kwani kumficha mmoja ni kuwarudishia wote maradhi.

Ya pili ni kukifahamu vibaya kipimo. Kipimo cha haraka kinachotumika zahanati nyingi hutafuta kingamwili, na kwa watu wengi hizo hubaki katika damu maisha yote, hata baada ya kupona. Kujua kama tiba imefaa hutumika kipimo kingine, RPR, ambacho husomwa kwa viwango. Aliyekuwa na 1:32 hutazamiwa kushuka hadi 1:8 au chini ya hapo ndani ya miezi 6 hadi 12. Kwa hiyo ni lazima kurudi kupimwa.

Ya tatu ni homa. Saa chache baada ya sindano, baadhi ya wagonjwa hupata homa, baridi na maumivu ya mwili, kwa kuwa bakteria wanakufa kwa wingi. Hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja, wala si sababu ya kuikataa dawa. Mjamzito akiipata na aende kuonwa.

Tusihukumu kwa haraka

Hapana budi pia kusema neno kuhusu ndoa. Kipimo hakisemi ni lini mtu aliambukizwa, wala ni nani aliyemwambukiza. Ugonjwa huweza kuwa ulikaa kimya tangu kabla ya ndoa. Tena mtu aliyeugua buba utotoni huweza kuonyesha majibu yale yale, kwa kuwa bakteria wa buba na wa kaswende wanafanana sana. Mume anayetamka talaka akiwa na karatasi ya maabara mkononi huenda akamdhulumu mke asiye na kosa, na mke anayemtuhumu mumewe huenda naye akakosea vivyo hivyo.

Sitara ni jambo jema, na mhudumu wa afya amewajibika kuilinda siri ya mgonjwa. Lakini mke anayeweza kudhurika ana haki ya kujua, na mtoto aliye tumboni ni amana kwa wazazi wake wote wawili. Mume na amsindikize mkewe kliniki katika ziara ya kwanza, wapimwe pamoja, na ikihitajika wadungwe pamoja. Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema sisi na vizazi vyetu.