Maneno ya giza la moyo na hatari ya kuyachanganya

IFIKAPO Julai, jua huwa haba katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi. Kuanzia Dagoretti hadi Kawangware, Kangemi na Lavington, mawingu hushuka tangu alfajiri na pengine yasiondoke hadi jioni, huku kibaridi kikiwafanya wapita njia wajikunyate ndani ya makoti.

Kwa hali hiyo Mwingereza ana neno ‘gloom’. Humfaa kwa anga iliyofunga na pia kwa mtu aliyegubikwa na huzuni. Lakini asili ya neno hilo haikuwa anga wala moyo, bali uso. Katika Kiingereza cha enzi za kati lilihusu kununa na kukunja uso, na maana ya giza ilifuata karne kadhaa baadaye.

Maneno mengi ya Kiingereza ya kundi hili yamesafiri hivyo. ‘Dismal’ lilitokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya siku mbaya, yaani zile siku ambazo kalenda za kale za Ulaya ziliziweka kando kuwa za mkosi. Mswahili wa pwani anayezijua siku za nuhusi hatashangaa. ‘Sad’ lilimaanisha aliyeshiba, kisha aliyekinai, ndipo likawa aliyehuzunika. ‘Melancholy’ ni Kigiriki na maana yake ni nyongo nyeusi, kwa kuwa matabibu wa Ugiriki ya kale waliamini kwamba nyongo hiyo ikizidi mwilini, mtu hujawa na majonzi.

Neno linalosumbua zaidi leo ni ‘depression’, kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukandamiza. Mwanauchumi akilitamka, wahariri wa Kiswahili huandika mdororo wa uchumi. Likitoka kwa wataalamu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ambayo makao yake yako Dagoretti Corner, huwa ni eneo la mgandamizo mdogo wa hewa. Likitoka kwa daktari wa akili, hapo ndipo kalamu husita.

Si kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno. Kuna huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, ghamu, ukiwa, kihoro na masononeko. Tatizo ni kwamba kamusi aghalabu humzungusha msomaji: huzuni ni majonzi, majonzi ni simanzi, na simanzi ni huzuni kubwa. Ilhali mzawa wa lugha husikia tofauti. Kihoro humpata mtu aliyefikwa na jambo zito kwa ghafla, ndiyo maana husemwa kwamba fulani alikufa kwa kihoro. Ukiwa ni wa aliyeachwa peke yake, na hata nyumba au mji huweza kuwa na ukiwa. Kusononeka ni kuumia kimyakimya, bila ya kelele za matanga. Hata hamu, ambayo wengi wanaijua kuwa shauku tu, hutokana na Kiarabu chenye maana ya wasiwasi na dhiki ya moyo, na katika Kiswahili cha zamani iliandamana na ghamu.

Magazeti yana lawama yake katika kuyafifisha maneno haya. Jiji la Nairobi limekuwa na siku zilizostahili neno simanzi: Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji na kuua zaidi ya watu 200, Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jumba la Westgate mtaani Westlands na watu 67 wakauawa, na Januari 15, 2019, hoteli ya Dusit iliposhambuliwa katika barabara ya Riverside na watu 21 wakapoteza maisha. Lakini ‘simanzi yatanda’ huandikwa pia timu inapofungwa kwa penalti. Neno likitumika kwa mpira Jumapili, halina uzito wa kutosha kubeba jeneza Jumatatu.

Kwa ugonjwa wenyewe, vyombo vya habari vya Kenya vimezoea msongo wa mawazo. Ni tafsiri yenye mantiki. Kusonga ni kubana na kukandamiza, kama anayesonga ugali anavyougandamiza kwa mwiko, na hivyo neno halikai mbali na lile la Kilatini. Isitoshe, watu wa kawaida husema mtu “ana mawazo” wakimaanisha kwamba ana jambo linalomtafuna. Huko Zimbabwe, mpango wa ushauri ulioanza mwaka wa 2006 katika mtaa wa Mbare jijini Harare, chini ya daktari Dixon Chibanda, ulilikwepa neno la Kiingereza na kutumia neno la Kishona lenye maana hiyo hiyo: kufikiri kupita kiasi. Wagonjwa walilielewa mara moja.

Kasoro ya msongo wa mawazo ni kwamba hutumiwa pia kwa hali ya mtu aliyechelewa kulipa kodi ya nyumba au anayekaribia mtihani. Hayo huisha kodi ikilipwa na mtihani ukipita. Ugonjwa hauishi hivyo. Mgonjwa huweza kukosa usingizi, hamu ya chakula na ladha ya kila alichokipenda kwa majuma kadhaa, hata pale ambapo hakuna msiba wowote wa kuonyesha. Akiambiwa ni msongo tu, yeye na jamaa zake hungoja upite. Watanzania wamejaribu kuzitenganisha hali hizi kwa kuuita ugonjwa sonona, na neno hilo linastahili kuvuka mpaka wa Namanga. Mfadhaiko, ambalo baadhi ya Wakenya hulipendelea, linaelekea zaidi kwenye mahangaiko kuliko uzito wa moyo.

Jambo hili si la walimu wa lugha pekee. Hojaji ya maswali tisa inayotumiwa na wahudumu wa afya duniani kuupima ugonjwa huo huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na swali moja la Kiingereza hurundika maneno matatu: kuwa chini, kulemewa na kukata tamaa. Tafsiri yake ya Kiswahili ilifanyiwa utafiti magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2009. Mama wa Kangemi akiulizwa kama ana huzuni, huenda akajibu hapana kwa uaminifu kabisa, maana hajafiwa. Akiulizwa kama moyo wake ni mzito, jibu laweza kuwa jingine.

Lugha ya sheria nayo imebadilika. Kwa miaka mingi, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Milimani, aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kufuatia kesi iliyowasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili.

Kwa hivyo mwandishi hana tena sababu ya kumtaja aliyenusurika kana kwamba ni mshtakiwa. ‘Ajitia kitanzi’ pia halifai, ingawa ni fupi na hutosha vizuri katika safu ya gazeti: linataja mbinu, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani huwahimiza wanahabari wasilifanye. ‘Kujiua’ au ‘kujitoa uhai’ yanatosha, tena ndani ya habari, si lazima katika kichwa chake.

Anayehitaji mtu wa kuzungumza naye anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya.