Wilson: uwanja unaoishi kwa karakana zake

Anayepita Barabara ya Langata jijini Nairobi huona vijindege vikishuka juu ya paa za nyumba, akadhani Wilson ni kituo cha watalii waendao Maasai Mara. Watalii wapo. Lakini anayetaka kuuelewa uwanja huu aanzie karakana.

Ndege ndogo huhesabiwa umri kwa saa za kuruka. Cessna 172 ya kufundishia hukaguliwa kila baada ya saa 100. Ikikaribia saa 2,000, injini yake huteremshwa na kufumuliwa yote. Injini ya ndege aina ya Caravan, inayobeba watalii leo na miraa kesho, huvumilia kama saa 3,600. Sasa chukua shule ya urubani yenye ndege tatu. Itamlipaje fundi wa injini, wa redio, wa propela na wa bodi, kila mmoja na leseni yake? Hailazimiki. Ndege inakokotwa hadi hanga ya jirani, inatengenezwa, inarudi. Hata ndege za misaada zinazofanya kazi Somalia na Sudan Kusini huletwa hapa kutengenezwa, na chopa za wanasiasa wakati wa kampeni hutegemea mafundi haohao.

Ujirani huo haukupangwa na wizara yoyote. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929. Vita vya Pili vya Dunia vikaimaliza kampuni, uwanja ukabaki. Mwaka 1957 madaktari wa shirika la AMREF, akiwemo Michael Wood, walianza huduma ya kuwafuata wagonjwa kwa ndege, na mpaka leo huruka kutoka hapa. Uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958 ukachukua ndege kubwa. Wadogo wakabanana Wilson, na kila aliyefuata alikuta fundi tayari yupo.

Ila kubanana kuna gharama yake, na sehemu yake inatokana na mwinuko. Uwanja uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi: injini ya pistoni hupungukiwa nguvu, nayo mabawa hudai mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuinua ndege. Jua la saa nane mchana likiipasha hewa hiyo, hali huzidi. Cessna ya mwanafunzi, ambayo Mombasa ingepanda upesi, hapa hujikongoja, huku nyuma yake ndege ya abiria yenye mwendo maradufu ikisubiri zamu. Wote wanatumia anga moja finyu, maghorofa upande mmoja na mbuga upande mwingine. Machi 2024, Dash 8 ya abiria iligongana na Cessna ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Dash ilirudi salama. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki.

Wanaotaka shule za urubani zihamishwe kutoka Wilson wana hoja kuhusu anga, na sioni wa kuwabishia hapo. Wanachosahau ni fundi. Shule ikipelekwa kiwanja cha mbali, kila kifaa kibovu kitageuka safari, na ada ya mwanafunzi itapanda. Afadhali mazoezi ya kutua na kupaa yafanywe nje, Orly huko Kajiado kwa mfano, na ndege zirudi Wilson kwa ukaguzi. Hata hivyo mafuta ya kwenda na kurudi yana bei, na hapo ndipo mazungumzo kati ya serikali na wenye shule yangepaswa kuanzia.