Utupa, Mti wa Uani Unaotoa Maziwa ya Sumu

Jamaa zetu wa Mombasa na Malindi waliohamia bara kwa biashara au kwa ndoa wana watoto wengi sasa Bungoma na Kitale, na kila ifikapo likizo ya Disemba mabasi huwapeleka wajukuu wa pwani huko na kuwaleta wajukuu wa bara huku. Katika safari moja ya namna hiyo nilikuwa nimeketi barazani kwa dada yangu, nje kidogo ya mji wa Bungoma, mara tukasikia mtoto akipiga ukelele nyuma ya nyumba. Watoto walikuwa wakicheza duka. Walikuwa wamevunja vijiti vya kijani kutoka ua wa jirani, wakakinga utomvu wake mweupe katika vifuniko vya chupa, na "maziwa" hayo ndiyo yaliyokuwa bidhaa yao. Mwanangu wa miaka sita, mgeni wa mti ule, alijifuta jicho kwa mkono uliolowa.

Dada hakuuliza swali hata moja. Alimkokota mpaka mferejini, akamfumbua jicho kwa vidole na kuliacha maji yatiririke juu yake. Mavyaa wake alikuja na shauri kwamba atafutwe mwanamke anyonyeshaye, mtoto atiwe maziwa yake jichoni. "La, mama, maji kwanza," dada akajibu kwa adabu, wala hakuuachia mfereji kwa muda wa robo saa na zaidi. Nilidhani yamekwisha. Kumbe maumivu ya utomvu ule huzidi kadiri saa zinavyopita, na usiku ule mtoto hakuweza kuitazama hata taa. Hospitalini daktari alimtia rangi jichoni, akatuonyesha jinsi konea, yaani ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ilivyochubuka. Alipewa dawa ya matone, na siku ya nane akaona sawasawa. Daktari alituambia kwamba yale maji ya mwanzo ndiyo yaliyomwokoa kuliko matone yake.

Mti wenyewe sisi wa pwani twauita mnyaa, na wengine huuita mtupa mwitu au utupa. Matawi yake ni ya mviringo, mororo, unene wa penseli, na majani yake ni madogo mno na hupukutika mapema, hata mtu hudhani ni mti usio na majani kabisa. Ndiyo sababu Waingereza wakauita mti wa penseli. Jina letu lina habari nzito zaidi. Utupa hasa ni jina la mmea mwingine, ambao majani yake hupondwa na kutiwa majini ili samaki walewe na kuelea. Mnyaa nao ulitumiwa kwa kazi hiyo hiyo katika vidimbwi na maji yaliyotulia, na hivyo ukaitwa mtupa wa mwituni. Mwenye kutamka jina hilo anataja sumu, ajue asijue. (Kuvua kwa sumu sheria ya Kenya imekukataza, na ni haki, maana sumu haichagui samaki mkubwa na kifaranga.) Wako waniambiao kwamba neno hilo latokana na kutupa, kwa kuwa sumu hutupwa majini. Ni maelezo matamu, ila mimi singeapa kwayo.

Majirani wa Bungoma upande wa ziwani, Wajaluo, huuita ojuok, na katika lugha yao juok ni neno la uchawi na mambo ya roho. Wakikuyu huuita kariaria. Hata jina la kitaalamu, tirucalli, alilolisajili Linnaeus mwaka 1753, halikutoka Ulaya. Ni jina la watu wa Malabari, pwani ile ile ambayo majahazi yetu yaliiendea kwa karne nyingi, ingawa mti wenyewe wataalamu huuhesabu kuwa wa Afrika.

Kwa nini basi watu wapande sumu mlangoni mwao? Pita njia ya Webuye, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, utaelewa. Ua wa waya ni ghali. Mnyaa huchomekwa kijiti tu ardhini ukashika, hustahimili ukame, ng'ombe na mbuzi hawauli, na baada ya miaka michache kuku hapenyi. Tena huwa alama ya mpaka ambayo baba humwachia mwana.

Lipo jambo jingine linalohusu watoto, nalo linahitaji kusemwa kwa kipimo. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza saratani ya watoto inayoanza aghalabu kwa uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari Afrika ya mashariki mpaka kusini wakiuliza hospitali baada ya hospitali wapi ugonjwa ule huonekana. Walikuta kwamba karibu na ikweta hupotea mtu akipanda zaidi ya takriban mita 1,500, kama mbu wa malaria wanavyopungua. Mwaka 1964 kikapatikana kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kile kiitwacho Epstein-Barr. Kirusi na malaria ndio washtakiwa wakuu hadi leo. Mnyaa umeitwa kizimbani kama mshiriki: mwaka 1991 watafiti walichapisha kwamba utomvu wake, ukikutana na kirusi hicho katika chembe za damu maabarani, huchangia mabadiliko yale yale ya kromosomu yaonekanayo katika saratani hiyo.

Maabara si uani, na tusiwatie watu hofu. Bungoma iko kwenye mita 1,400 hivi, Kitale iko kama 1,900, na mnyaa umepandwa kote kuwili. Ungekuwa mti peke yake ndio chanzo, mwinuko usingekuwa na maana. Lakini mzazi aonaye taya la mtoto likivimba upesi bila jino kuoza asingojee, kwa maana ugonjwa huo ukiwahiwa kwa dawa hupona.

Ama kuhusu ua wa jirani, tulikwenda kumwona. Ni mzee mtaratibu, akatukaribisha chai, akasema ule ndio mpaka alioachiwa na babake na hawezi kuung'oa. Hatukumwomba aung'oe. Tuliafikiana upande wa uwanja wa watoto ukatwe chini siku ambayo watoto wako madrasa, na mkataji avae miwani, glavu na shati la mikono mirefu, kisha matawi yafukiwe siku ile ile, maana tawi lililokatwa huendelea kutoka utomvu. Pale pakasimamishwa waya wa kuku, gharama tukagawana nusu kwa nusu.

Vile vifuniko vya chupa dada alikuwa ameshavitumbukiza chooni.