Vidonge Hivi Humezwa Pamoja na Chakula

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi mara nyingi hupewa vidonge vyeupe vya kalsiamu kaboneti. Wengine huviweka hadi wakati wa kulala, wakidhani ni vya kutia nguvu mifupa. Vikimezwa hivyo havifanyi kazi iliyokusudiwa.

Katika chakula mna fosfati. Mwili unaihitaji, na inayozidi hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Figo zikishindwa, fosfati hubaki katika damu. Mgonjwa huwashwa ngozi, mifupa yake hudhoofika, na mishipa ya damu hukakamaa, hata ile ya moyo. Mashine ya kusafisha damu husaidia, lakini saa 4 mara 3 kwa juma hazitoshi kuiondoa yote.

Ndiyo maana hukamatwa tumboni, kabla haijaingia katika damu. Tazama birika lako: maji ya kisima huonekana safi, lakini yakichemshwa kila siku huacha ukoko mweupe. Kilichokuwa kimeyeyuka kimekuwa kigumu. Vivyo hivyo kalsiamu ya kidonge huungana na fosfati ya chakula, ikawa kitu kisichoyeyuka, kikatoka na choo. Hata wafugao samaki wa baharini katika matangi ya kioo huondoa fosfati katika maji ya chumvi kwa njia hiyo, wakitumia madini ya lantanamu. Na mwaka 2004 Marekani iliruhusu lantanamu kaboneti kuwa dawa ya wagonjwa wa figo.

Basi kidonge kiliwe pamoja na mlo, kwa kiasi alichosema daktari. Tumbo likiwa tupu hakuna fosfati ya kukamatwa, na kalsiamu yenyewe huweza kuzidi katika damu. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe saa nyingine, kwani kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Zamani ilitumika aluminiamu. Ilikamata fosfati vizuri sana, ila ilijikusanya katika mifupa na ubongo. Kwa hiyo mgonjwa wa figo asijinunulie dawa za kiungulia dukani. Nyingi zina aluminiamu.

Kwa wapishi: soseji na soda nyeusi za kola hutiwa fosfati kiwandani, nayo hufyonzwa karibu yote. Hizo ziachwe kwanza. Dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo wapunguzwe. Maharage yameonewa kidogo, maana sehemu kubwa ya fosfati yake haifyonzwi. Lakini yana potasiamu nyingi, kwa hiyo muulizeni daktari kiasi kinachomfaa mgonjwa wenu.